Kabla hamjahamia programu nyingine ya gumzo, angalieni maamuzi yenu yanakaa wapi

Mkuu, nimeyasoma maelezo yako mara mbili. Mko kumi na mmoja, mmetawanyika mabara matatu, kila kitu mnakizungumza kwenye kundi moja la gumzo, na mwezi uliopita wawili wenu wameandika sehemu ileile ya programu yenu, hakuna aliyejua mwenzake anaifanya. Unauliza mhamie programu gani ya mawasiliano. Kwa maoni yangu msihame kwanza, maana tatizo mtalibeba na kwenda nalo huko mnakohamia.

Nasema hivi kwa sababu yametukuta. Kwa miaka sita nimekuwa mmoja wa wasimamizi wa maktaba ndogo ya programu huria, yaani msimbo (maandishi ya programu) ulio wazi kwa wote ambao programu nyingine huutumia, inayosoma mafaili ya majedwali. Tulianza watatu, na gumzo lilitutosha kabisa, kwa kuwa watu watatu wana njia tatu tu za kuzungumza wawiliwawili. Mkifika kumi na mmoja njia hizo ni 55. Hakuna anayeweza kuzifuatilia zote, hata awe hodari namna gani, kwa hiyo usiwalaumu hao wenzako wawili.

Mwenzetu mmoja alikuwa nyuma yetu kwa saa tisa. Yeye akiamka, sisi tunafunga kazi. Alitumia wiki tatu kuandika upya sehemu ya kusoma tarehe, akaja na kazi safi, majaribio yamo, maelezo yamo. Tukamwambia sehemu hiyo tulishaamua kuiondoa. Tuliamua lini? Usiku mmoja, ndani ya gumzo, watu wanne, katikati ya mazungumzo yaliyoanza na jambo jingine kabisa. Hakugomba. Aliuliza tu, "Ningejuaje?" Sikuwa na jibu la kumpa, na hadi leo swali hilo linaniuma. Alichangia mara mbili tena, vitu vidogovidogo, kisha akapotea. Ndiye aliyekuwa akielewa kanda za saa kutuzidi sote.

Baada ya hapo tukakubaliana kwamba uamuzi usioandikwa kwenye tiketi, yaani ukurasa wa jambo moja kwenye mradi ambao wote wanauona, haupo. Ongeeni popote mnapotaka, kwa gumzo, kwa simu, kwa video, lakini mkifikia jambo, mmoja wenu aende akaandike mistari mitatu: tumependekeza nini, kwa sababu gani, na mwisho wa kupinga ni lini. Wazo hili hatukulibuni sisi. Kwenye miradi ya Apache, shirika la programu huria, kuna msemo wa siku nyingi kwamba jambo lisilopita kwenye orodha ya barua pepe halikutokea, na kura zao kwa kawaida huachwa wazi kwa saa 72 au zaidi ili walio upande mwingine wa dunia nao wapate nafasi ya kusema.

Hiyo tarehe ya mwisho msiidharau. Watu wengi huandika "mnaonaje?" halafu wanasubiri, kimya kinatanda, na baada ya mwezi hakuna anayejua kama jambo limekubaliwa au limekufa. Sisi huandika hivi: "Nitaiondoa sehemu hii kwenye toleo lijalo kwa sababu hizi. Asipopinga mtu hadi Ijumaa 15:00 UTC, nitaendelea." Hapo kimya kinakuwa na maana moja. Na anayepinga anatakiwa aeleze sababu, neno "hapana" peke yake halitoshi. Saa ziandikeni kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, siku zote. Ukiandika "kesho jioni" kwenye timu kama yenu, umeandika jioni kadhaa tofauti.

Kuhusu kazi kufanywa mara mbili: mtu ajiandike kwenye tiketi kabla ya kuanza, na afungue ombi la kuunganisha msimbo wake na wa mradi siku ileile akiliwekea alama ya rasimu, hata kama ndani yake kuna mistari miwili. Akikaa siku 14 bila kusema neno, tiketi inaachiliwa kwa mwingine. Mwanzoni wengine waliona tunawafukuza, hadi tulipoweka wazi kwamba mtu anaruhusiwa kuandika "nimebanwa, bado ninayo" na akaendelea nayo.

Jambo linalofichika zaidi ni ujumbe wa faragha. Wageni wanaogopa kuuliza hadharani, kwa hiyo wanamwandikia msimamizi pembeni. Unajibu kwa wema, na kesho mwingine anauliza hilohilo. Niliwahi kujibu swali moja kwa watu wengi kwa nyakati tofauti kabla ya kushtuka. Siku hizi namwambia mgeni, kwa upole, "Swali zuri, naomba uliweke kwenye mradi nami nitakujibu hapo." Nami najibu haraka kweli, kwa sababu mgeni akiuliza hadharani kwa mara ya kwanza akaachwa bila jibu, harudi. Yanayobaki faragha ni mawili tu: udhaifu wa kiusalama, ambao lazima uwe na anwani yake ya faragha ya kuuripoti hadi urekebishwe, na ugomvi wa watu. Kwenye ugomvi pigeni simu. Maoni kama "kwa nini umefanya hivi?" chini ya msimbo wa mtu husomeka kama shutuma hata pale aliyeandika alitaka kuelewa tu.

Kwamba chombo si kiini cha tatizo, tazama kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta. Maelfu ya watu wanakijenga, na viraka, yaani mabadiliko ya msimbo, bado vinapita kwa barua pepe. Kinachowasaidia ni kwamba ndani ya msimbo wenyewe lipo faili liitwalo MAINTAINERS linaloonyesha kila sehemu inasimamiwa na nani na viraka vyake vipelekwe wapi. Nyinyi mnaweza kuandika lenu leo, kwa watu kumi na mmoja halizidi ukurasa.

Umetaja pia kwamba mkibishana mwanzilishi wenu ndiye anayekata kauli kila mara. Hapo mjihadhari. Lugha ya programu ya Python ina utaratibu mzuri wa mapendekezo ya maandishi, PEP, tangu 2000, na hata yaliyokataliwa huhifadhiwa pamoja na sababu zake. Hata hivyo, Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya PEP 572, mwanzilishi wake, Guido van Rossum, alijiondoa kwenye nafasi ya mwamuzi wa mwisho, na mwaka uliofuata likachaguliwa baraza la watu watano. Maandishi yalikuwepo, lakini mzigo wote ulikuwa juu ya mtu mmoja. Mwanzilishi wenu naye awagawie wengine maeneo ya kuamua mapema, kabla hajachoka.

Kikao cha kila wiki mnaweza kuendelea nacho mkiona kinawafaa, ila mwandishi wa muhtasari awe wa zamu na muhtasari utoke siku hiyohiyo.

Kwa kuanzia, chukueni mazungumzo ya gumzo ya siku 30 zilizopita, mgawane wawiliwawili, mtoe kila uamuzi mtakaoukuta humo na kuufungulia tiketi. Sisi ilituchukua jioni mbili. Mkikuta maamuzi mawili yanayopingana, na nadhani mtayakuta, anzeni na hayo.