Maswali yenu kuhusu wadudu wa Waaborijini

Wiki iliyopita niligusia vyakula vya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, nikasema wapo wanaokula buu mzima, mbichi. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko za ule mjadala wetu wa pilau na biriani. Nimechagua chache. Walioandika "astaghfirullah" tu bila swali, nao nimewasoma.

Shikamoo mama. Huyo buu wanamtoa wapi, na kweli anamezwa hivyo hivyo? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba mwanangu. Hamezwi, anatafunwa.

Wanamtoa mizizini. Katika nchi kavu ya katikati ya Australia, pande za Alice Springs, kuna kichaka cha jamii ya migunga. Nondo mmoja mkubwa (mdudu wa jamii ya kipepeo) ndiye mama wa buu huyu, na buu hujichimbia kwenye mzizi, chini ya ardhi, akala na kunenepa humo. Anafika unene na urefu wa kidole cha mtu mzima. Kumpata ni kazi ya macho, na mafundi wake hasa ni wanawake na watoto. Wanatafuta udongo uliopasuka chini ya kichaka, wanafukua kwa mti uliochongwa ncha (siku hizi hata mtaimbo) mpaka waone mzizi mahali ulipovimba. Wanaupasua na kumvuta taratibu asipasuke.

Wanaomla mbichi wanamshika kichwa, na kichwa hicho hubaki mkononi. Ladha wanasema inaelekea lozi. Akigaragazwa kidogo kwenye majivu ya moto, ngozi hukauka ikawa na harufu ya ngozi ya kuku wa kuchoma, na ndani huganda rangi ya yai. Mimi nikiambiwa nichague, nachagua wa majivuni.

Sisi Wahaya tuna senene. Hao wana nini cha kutushinda? (Msomaji, Bukoba)

Usinitafutie ugomvi na watu wa Kagera! Ila wapo waliokuwa wakingoja msimu kama ninyi, na kisa chao ni kikubwa.

Kuna nondo anaitwa bogong. Kila baridi ya kule inapoisha, kuanzia Septemba hivi, nondo hawa huondoka nyanda za kusini mwa Queensland na New South Wales wakaruka usiku, wengine hadi kilomita 1,000, kwenda kwenye milima ya kusini mashariki ambayo hawajawahi kuiona. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba wanatumia usumaku wa dunia kujua njia, na mwaka 2025 ikaonekana wanazisoma hata nyota. Wakifika, hujibana kwenye nyufa za miamba wakapitisha joto humo, wamelaliana kama vigae vya paa, takriban 17,000 katika mita moja ya mraba. Na ni wanono: zaidi ya nusu ya tumbo ni mafuta.

Sasa fikiria watu wanaolijua pango lenye ukuta wa namna hiyo. Jamii za lugha mbalimbali zilipanda milimani wakati wa kiangazi, zikakutana, zikafanya sherehe, zikaozana na kumaliza kesi zao. Nondo walilevywa kwa moshi, wakadondoka, wakakusanywa. Kisha walikorogwa kwenye majivu na mchanga wa moto mpaka mbawa na miguu iungue, nyama ibaki. Walioliwa papo hapo waliliwa. Wengine walisagwa wakafinyangwa kama mikate ya kubeba. Katika pango la Cloggs, mashariki mwa Victoria, kwenye ardhi ya Wagunaikurnai, lilichimbuliwa mwaka 2019 jiwe dogo la kusagia lenye mabaki ya nondo hawa, la miaka kama 2,000 iliyopita.

Ninyi mnawaita senene kwa taa kali na mabati. Bogong naye taa zinamponza: mwaka 2000, kwenye kufunga Olimpiki ya Sydney, mmoja alitua juu ya mwimbaji Yvonne Kenny katikati ya wimbo, dunia nzima ikitazama. Dada wa watu hakukatiza hata noti moja.

Si walikula hivyo kwa sababu ya njaa tu? (Msomaji, Nakuru)

Swali hili huulizwa na mtu anayelipia kamba wa baharini hotelini.

Kwanza, Waaborijini si kabila moja. Kabla ya Waingereza kufika palikuwa na lugha zaidi ya 250, na kinacholiwa jangwani huenda hakijulikani pwani. Pili, tazama sisimizi wa asali. Chini ya miti ya mulga, nayo ya jamii ya migunga, kuna koloni ambamo baadhi ya wafanyakazi hulishwa utamu na wenzao mpaka tumbo linakuwa duara la rangi ya kaharabu, na mwenyewe ananing'inia kwenye dari ya chumba hana pa kwenda. Ni ghala hai. Kumfikia, kina mama huchimba mita moja na zaidi juani, kisha wanamtoa kwa kijiti chembamba. Wanamshika kichwa, tumbo wanalipasua kwa midomo, asali inamwagika ulimini. Mtu wa njaa hatoki jasho lote hilo kwa tone moja. Hiyo ni peremende, tena ya kuhangaikiwa.

Na ni zaidi ya peremende. Kijiji cha Papunya, huko huko jangwani, ni mahali patakatifu pa sisimizi huyo. Mwaka 1971 wazee walichora kisa chake kwenye ukuta wa shule, na hapo ndipo uchoraji wa jangwa la magharibi, unaouzwa leo kwa fedha nyingi, ulipopata msukumo. Ukuta wenyewe ulikuja kupakwa rangi ukafutwa. Dawa pia ni dawa: wenyeji walitumia asali hiyo kwa koo na vidonda, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2023 ulikuta inazuia bakteria wa *Staphylococcus aureus* na baadhi ya kuvu.

Je, ni halali? (Msomaji, Mombasa)

Nzige hana ubishi, hadithi ya Mtume imemtaja pamoja na samaki. Wadudu wengine, madhehebu ya Maliki yanawaruhusu kwa masharti yake. Ya Shafi, wanayofuata wengi pwani, hayawaruhusu. Zaidi ya hapo muulize sheikh wako.

Nimesikia wanakula maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini. Haiwezekani! (Mkulima wa korosho, Mtwara)

Inawezekana, na najua umeumwa ndiyo maana unakataa. Kaskazini ya Australia yupo ndugu wa karibu wa maji moto wetu, mwenye tumbo la kijani, naye hushona majani akafanya kiota vilevile. Ladha yake ni kali ya ndimu. Kiota hupondwa pamoja na mayai, kikatiwa maji, kikanywewa kwa mafua na kikohozi. Siku hizi wapishi wa mikahawa ya bei mbaya wanamnyunyizia kwenye jibini.

Bado wanakula, au ni hadithi za mababu? (Msomaji, Toronto)

Buu na sisimizi wa asali bado wanachimbwa, na bibi huwapeleka wajukuu. Nondo ndiye mtihani. Ukame wa 2017 hadi 2019 ulimpukutisha vibaya. Mapango yaliyokuwa meusi kwa nondo yakabaki mwamba mtupu, na mwaka 2021 akaingizwa kwenye orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mvua zimemrudisha kidogo, si kama zamani.

Nina mzio wa kamba. Nikienda Australia nijaribu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usijaribu. Protini inayowasha kwenye kamba ina ndugu yake kwenye wadudu.