Yule wa suti ya buluu na miwani

Mwanangu, waalaykumsalaam. Voisi yako nimeisikia, honi za huko jamani! Unauliza yule mwenye sanamu kila kona hapo Pune, suti ya buluu na kitabu mkononi, ni nani khasa, na imekuwaje mtu wa tabaka la chini kabisa ndo akapewa kazi ya kuandika katiba ya India. Babaako kasema nikujibu miye kwa vile ndo mwalimu wa historia, yeye anajua mpira tu.

Hakupewa kwa huruma, hilo litoe akilini kwanza.

Anaitwa Bhimrao Ramji Ambedkar, kazaliwa 1891, kwao ni Wamahar, watu ambao wenzao wakiwaona najisi hata kuwagusa hawataki. Skuli alikuwa anakalia kipande cha gunia peke yake, na jioni anarudi nacho nyumbani maana mtumishi wa usafi hakigusi. Akishikwa na kiu haruhusiwi kugusa bomba, mpaka mtumishi amfungulie, na kama mtumishi hayupo basi siku hiyo hanywi. Mtoto huyo ndo mfalme wa Baroda akaja kumlipia akasome Columbia, New York, 1913, halafu London, na uwakili akaja kuuchukua huko baadaye. Sasa sikia, 1917 karudi Baroda kufanya kazi na elimu yake yote ile, nyumba ya kupanga hapati, ikabidi ajifanye Mparsi, wale wa dini ya Zoroaster, apate kulala kwenye nyumba yao ya wageni, na walipomjua wakamjia na fimbo wakamtoa.

Lakini kwangu mimi la mji wa Mahad ndo kubwa. Kule kulikuwa na bwawa la Chavdar, na baraza la mji lilishapitisha zamani kuwa ni la watu wote, karatasi ipo, ila nani athubutu? Machi 1927 akaenda na maelfu ya watu wake wakateka maji wakanywa, basi. Wakapigwa, na bwawa likaja kusafishwa kwa mavi ya ng'ombe na mkojo wake ati limetiwa najisi, subhanallah.

Kwa hiyo ilipofika Agosti 1947 akafanywa mwenyekiti wa kamati ya kuandika rasimu, tena waliomweka ni chama cha Congress, watawala aliopigana nao kwa maneno miaka na miaka, kwa sababu sheria aliijua na wao wanajua kuwa anaijua. Usidhani kaandika peke yake lakini, rasimu ya mwanzo kaitayarisha B. N. Rau, mshauri wa katiba, na kamati ilikuwa ya watu saba, ila mmoja kajiuzulu, mmoja kafariki, mwengine yuko Marekani, yani mzigo ukamwangukia yeye. Ibara ya 17 ikafuta ule unajisi moja kwa moja. Na bado Novemba 1949, rasimu ikiwa karibu kupita, akasimama bungeni akawaambia kwenye siasa tutakuwa sawa, kura moja mtu mmoja, ila kwenye maisha bado hatuko sawa. Miye namwelewa, maana hata sisi hapa Pemba kura ya maoni ya 2010, ile ya serikali ya umoja wa kitaifa Zanzibar, isingefaa kitu kama watu wangeendelea kutozikana na kutoingia duka la fulani kisa chama.

1951 akajiuzulu uwaziri wa sheria, mswada wake wa kuwapa wanawake wa Kihindu haki ya mirathi na talaka ulikuwa unazungushwa tu. Hapo nampendea zaidi, ingawa hilo sanamu halikwambii.

1956 Oktoba akaingia dini ya Buddha pale Nagpur na watu laki kadhaa, Disemba 6 akafariki. Na tarehe hiyo kila mwaka watu wanamiminika Dadar, Mumbai, mwili wake ulipochomwa, sasa ile safari yako ya Mumbai ifanye mapema, siku hizo treni hutopata pa kusimama.