Mwanangu, kuhusu yule mama wa njiani

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Ifakara. Sisi huku hatujambo, mama yako mgongo umepata nafuu, na mpunga wa bondeni umeanza kutoa masuke. Ndiyo maana unaniona kimya. Kutwa niko shambani na watoto wa jirani tunaamia ndege, na kwelea wa mwaka huu hawana masihara.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema Jumamosi ulikuwa kwenye lile shamba la rapa, zao la mafuta la jamii ya kabichi, kule Lincolnshire, Uingereza, nilikokuwa nikiwapiga njiwa mimi kabla yako, umekaa kwenye kificho chako kando ya uzio wa miti, na njiwa walikuwa wanakuja vizuri. Akapita mama mmoja na mbwa wake kwenye njia ya miguu inayokata shamba, akasimama, akakuita muuaji kwa sauti ya juu, kisha akatoa simu na kuanza kukurekodi. Wewe ukainamisha kichwa, ukajifanya humsikii mpaka akaondoka. Sasa unaniuliza mambo mawili: ulipaswa kumjibu nini, na je, huenda ana haki?

Nitaanza na hilo la pili, maana ukilikwepa, la kwanza litabaki maneno matupu.

Haki anayo, tena si moja. Ile njia ni ya umma, kwa hiyo kuipita kwake si hisani ya mwenye shamba wala yako. Kukurekodi akiwa njiani hakuna sheria inayomkataza. Na kuchukia kuona ndege akianguka ni moyo wake, huwezi kumpangia. Hata njiwa mwenyewe ana sheria yake. Utawasikia wenye bunduki wakisema njiwa ni sawa na panya, mpige utakavyo. Wanasema ovyo. Tangu sheria ya wanyamapori ya 1981, kila ndege wa porini kule analindwa. Wewe unategemea ruhusa ya jumla ya serikali, ile inayoitwa GL42, na kwa kazi yetu inakuruhusu kwa sababu moja tu: kuzuia hasara kubwa kwenye mazao. Huiombi wala huilipii, lakini ukitoka nje ya masharti yake umevunja sheria kama mhalifu mwingine yeyote. Masharti yenyewe yanataka watu wahangaike na njia nyingine pia, kama mizinga ya gesi ya kupiga mlio, tiara, utepe unaomeremeta na sanamu. Kwa hiyo ule mzinga wa gesi pale kona ya shamba usiuone kero. Huo ni shahidi wako.

Ruhusa hizi si za milele. Aprili 2019 Natural England, idara ya serikali inayozitoa, ilizifuta tatu kwa mkupuo, siku chache tu baada ya kutangaza, kwa sababu Wild Justice, kundi la watetezi wa wanyamapori la kina Chris Packham, yule mtangazaji wa vipindi vya wanyama, lilikuwa limefungua shauri kuhusu jinsi zilivyotolewa. Wakulima walipiga kelele sana. Basi katika kelele hizo, kunguru waliokufa walikutwa wametundikwa kwenye geti la nyumba ya Packham. Nilikuwa bado niko kule, na nakuambia hakuna mpinzani wa uwindaji aliyewahi kutuharibia jina kama aliyefunga kamba ile. Akikutajia mtu kisa hicho, mwambie kilikuwa kitendo cha aibu, uishie hapo. Usianze na "lakini".

Halafu kuna swali ambalo wapita njia wenye elimu yao hupenda kuuliza: mmewapiga njiwa miaka yote hii, mbona hawaishi? Usimdanganye mtu. Murton, mtafiti wa serikali, alichunguza jambo hili pale Carlton, Cambridgeshire, miaka ya 1960, na akaona kwamba kuwapiga majira ya baridi hakupunguzi idadi yao. Kinachoamua wangapi wavuke baridi ni chakula. Njiwa unayempiga Januari, huenda njaa ingemchukua Februari. Leo Uingereza ina jozi kama milioni 5 zinazotaga, na bunduki yako haitabadilisha hesabu hiyo. Sasa wapo watakaosema, basi kazi yako haina maana. Ina maana, ila si ile wanayoidhani. Wewe huwamalizi njiwa. Unawazuia wasitue kwenye ekari zile, katika wiki zile ambazo rapa imedumaa kwa baridi na haiwezi kuchipua kufidia walichokula. Ni kazi ileile ya mtu wa kwenye dungu na kombeo lake huku kwetu. Hakuna aliyewahi kupanda dunguni akitaraji kwelea waishe duniani. Anataka wapite, watue kwingine.

Siku ukitaka kuona hasara kwa macho yako, mpasue njiwa mmoja wa Februari pale kooni, kwenye mfuko wa chakula. Utakuta majani ya rapa yameshindiliwa mpaka ngozi imekuwa nyembamba, unaona kijani kwa nje kabla hata ya kupasua, na harufu ya kabichi inakupanda puani. Huo ni mlo wa jioni wa ndege mmoja. Kisha inua macho uhesabu walio juu ya waya.

Ila hoja moja usibishane nayo. Mtu akikuambia mwezi Agosti kwamba unaacha makinda kiotani, anasema kweli. Njiwa hao hutaga sana mwishoni mwa kiangazi, nafaka inapokomaa. Ruhusa haifungi mwezi wowote, lakini mimi Agosti nilikuwa naenda pale tu ngano ilipolala chini na mwenye shamba amenipigia simu mwenyewe. Uwindaji wa kiangazi wa kupitisha muda niliwaachia wengine. Na uchunge sana macho yako: yule njiwa mdogo wa kijivu asiye na weupe shingoni wala mbawani hayumo kwenye ruhusa. Kinda la njiwa wetu tunayempiga pia halina doa jeupe la shingo, lakini mstari mweupe wa bawa linao. Ukisita, acha apite.

Sasa tuje kwa mama mwenye mbwa.

Kunyamaza kulikuwa afadhali kuliko kumjibu kwa ukali. Lakini mtu aliyejificha nyuma ya wavu, amefunika uso, ameshika bunduki na hajibu anaposemeshwa, anatisha. Jiweke nafasi yake. Yuko peke yake, hajui wewe ni nani, hajui kama umemwona. Nusu ya hasira ya wapita njia ni woga, na woga una dawa.

Dawa yenyewe ndiyo hii. Ukimwona mtu yuko mbali bado, usingoje afike. Ikunje bunduki kwenye bawaba, toa risasi, iegemeze chini mitutu ikiwa wazi. Vua kitambaa cha uso. Simama polepole, toka hatua mbili nje ya kificho, umsalimie kama unavyomsalimia mtu barabarani. Ndiyo sababu nilikukatalia ile bunduki ya kujipakia yenyewe uliyoitamani: hata ikiwa tupu, mtu wa mbali hawezi kujua. Bunduki ya mitutu miwili iliyokunjwa kila mtu anaiona, hata asiyejua kitu. Yeye aone kwanza bunduki imefunguka, ndipo wewe ufungue mdomo.

Farasi ndio usicheze nao kabisa. Mpandaji ukimwona, acha kufyatua mapema sana, na umsemeshe angali mbali. Farasi akisikia sauti ya mtu anatulia. Akikurupushwa na kitu kinachotikisika ndani ya wavu anamwangusha bwana wake, na hapo hakuna maelezo yatakayokusaidia.

Sheria ya barabara unaijua: usifyatue ndani ya futi 50, kama mita 15, kutoka katikati ya barabara ya magari ukamhatarisha au kumsumbua mtu. Njia ya miguu haina kipimo kama hicho, na wengi hujificha nyuma ya ukimya huo. Wewe usijifiche. Marisau, zile chembe za risasi, husafiri zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka, na yakimdondokea mtu kichwani kama mchanga hayatamjeruhi, lakini hatakusamehe, wala mimi sitamlaumu. Geuza kificho njia ibaki mgongoni kwako. Njiwa bandia wa kuwavutia wenzao wapange hivyohivyo, vichwa kwenye upepo, uwazi wa njiwa kutua uwe upande wa mbali. Kama upepo hauruhusu, siku hiyo rudi nyumbani.

Kisha maneno. Yawe machache. "Habari za asubuhi. Bunduki ni tupu, pita kwa raha zako, nasubiri mpaka ufike getini." Akikuuliza unafanya nini, mweleze: mwenye shamba ameniomba, njiwa wanakula zao lake, na nyama tunakula. Akikutukana, mwambie, "Nimekusikia," na usubiri. Usimtajie vifungu vya sheria. Ipo sheria ya 1994 kuhusu mtu anayeingia shambani bila ruhusa na kuzuia kazi halali, lakini hiyo ni ya kumtajia polisi siku mtu amekaa katikati ya njiwa wako bandia na hataki kutoka. Haimhusu mama aliyesimama njiani na uchungu wake. Akikurekodi, simama wima aupate uso wako vizuri. Usinyooshe mkono kwenye simu yake hata iweje.

Na kuna linalowaudhi kuliko mlio wote wa bunduki, nalo ni njiwa anayetapatapa chini huku wewe unangoja wengine waje. Mwache huyo anayekuja, nenda ukammalize aliyejeruhiwa, sasa hivi. Usitundike ndege kwenye wavu ili watu waone. Maganda ya risasi okota yote, na manyoya yaliyorundikana yafukie. Watu hupita tena Jumapili wewe haupo, na wanachokikuta ndicho watakachokusimulia nacho.

Polisi. Hili sikufichi. Mzungu mwenye bunduki shambani naye hupigiwa simu polisi, ila wewe utapigiwa upesi zaidi, na anayepiga ataeleza rangi yako kabla ya kueleza shamba. Mimi walinijia, tena wakiwa wamevaa fulana za kuzuia risasi. Basi asubuhi kabla hujatoka, piga 101, namba ya polisi isiyo ya dharura, waambie uko wapi, saa ngapi mpaka saa ngapi, na uombe namba ya taarifa. Iandike kwenye karatasi. Cheti cha bunduki na barua ya mwenye shamba viwe mfuko wa juu, si ndani ya gari. Wakija, bunduki ikiwa imekunjwa na tupu ilaze chini, ondoka hatua kumi, mikono ionekane, wao waanze kusema. Ukiona wamekukosea, lalamika kesho yake kwa barua. Pale uwanjani hapana.

Usitegemee kuwashinda watu. Kulikuwa na muuguzi mstaafu aliyekuwa akipita njia ile karibu kila wiki miaka ile yote. Siku ya kwanza alinifokea kuliko huyo wako alivyokufokea. Baadaye akawa anasimama, anasema, "Bado sikubaliani na wewe." Namjibu, "Najua. Goti linaendeleaje?" Ananieleza habari za goti, anaendelea na safari yake. Hakubadilika hata kidogo, wala mimi sikubadilika. Siku ya kuondoka nilimpelekea chupa ya asali, siyo njiwa. Ukimwona mtu wa umri huo mwenye fimbo ya shaba, mwambie baba anamsalimia.

Huyo wa Jumamosi akipita tena, mwanzie wewe salamu. Kama anataka kukufokea, atakufokea ukiwa umesimama mbele yake, na hiyo tayari ni nafuu kwenu wote.

Mama yako anasema nyama ya kifuani usiichemshe, inakuwa ngumu. Chumvi, pilipili manga, limau, sufuria iwe ya moto kweli, dakika mbili kila upande basi. Na kagua kwa kidole kabla hujatafuna, marisau hubaki.

Pesa ya mbolea imefika, asante. Machi rapa ikianza kurefuka nitumie picha ya ule upande wa mtaroni, nione kama njiwa waliimaliza kama mwaka ule.

Baba yako