Kabla hujasaini kabati la kuchajia laptopu za shule, uliza joto linatokea wapi

Wiki hii mwalimu mwenzangu, makamu mkuu wa shule huko Lindi, kanitumia meseji ndefu. Shule yao imepata laptopu 30 za msaada, mzabuni keshawaletea profoma ya kabati la kuchajia lenye maneno "rafiki wa mazingira" yamepigwa wino wa kijani juu kabisa, bei yake inatisha, na bodi inakaa karibuni. Anauliza, ticha, tusaini? Nimeshamjibu kwa simu ila nimeona bora niandike hapa kabisa, maana swali hili linakuja kila wafadhili wanapoleta mashine, na najua wengi mnaosoma humu mna ndoto ileile niliyonayo mimi, maabara ambayo mtoto wa shule ya kata anaingia anakuta kompyuta zinawaka, sio kukuta vumbi na kufuli.

Mimi nafundisha TEHAMA pwani ya Tanga, upande wa Pangani, karibu na bahari kiasi kwamba bati lisipopakwa rangi vizuri kutu inaanza kulila mapema tu. Tulipoahidiwa laptopu nilifurahi sana, na kabla ya manunuzi nikaandika barua kwa uongozi. Nilieleza kwamba kabati lililopo kwenye picha ya mzabuni limezibwa pande zote, lina kifeni kimoja tu mgongoni, na huku kwetu mwezi wa pili chumba chenyewe kina joto hata kabla hujawasha kitu chochote. Barua ikapokelewa, ikagongwa muhuri, ikaingia kwenye faili. Kabati likanunuliwa. Lilipendeza kwa kweli, jeupe, stika ya jani la kijani mlangoni, magurudumu manne ambayo sakafu yetu yenye mashimo ilikuwa haiyawezi, na hadi taa ya zambarau ya kuua vijidudu. Siku ya makabidhiano watu walipiga nalo picha.

Miezi ya mwanzo niiruke. Ukifungua mlango asubuhi, baada ya mashine kuchaji usiku kucha, hewa inakupiga usoni kama umefunua sufuria ya wali, na sababu ilikuwa wazi kwa anayetaka kuangalia, chaja zote zimepangwa chini na laptopu zipo juu yake, sasa joto la chaja linapanda linaenda wapi kama sio kwenye betri? Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu akaniita, mwalimu hii haifungi. Nikaipokea. Ile sehemu ya kupapasa kwa kidole imeinuka upande mmoja, ukingo wa chini umeachia, ukiiweka mezani inayumba. Betri imevimba. Nikaanza kupitia nyingine moja moja nikakuta zingine zinaelekea hukohuko. Halafu ubao wa umeme wa lile kabati nao ukafa, ubao wa kampuni yao wenyewe, hakuna fundi Tanga nzima mwenye kipuri chake, na mzabuni simu akawa hapokei.

Kwenye kikao cha walimu ikasemwa kwamba mwalimu wa kompyuta hajui kutunza vifaa. Mbele ya watu wote. Nakala ya barua yangu nilikuwa nayo mfukoni, nikaisoma kwa sauti kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuna aliyejibu, wakahamia ajenda nyingine. Hilo bado linaniuma mpaka leo na sioni sababu ya kuficha.

Sasa sikilizeni. Betri ya lithiamu inachoshwa na vitu viwili vikikutana, joto na kukaa imejaa muda mrefu. Kabati linaloziba joto na kuacha mashine kwenye chaji usiku kucha linafanya yote mawili kwa wakati mmoja, hata lipakwe kijani namna gani. Na sehemu kubwa ya uharibifu wa mazingira wa laptopu inatokea inapotengenezwa, sio inapochajiwa. Ndani ya betri nyingi kuna madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inachimbwa hapa kwa majirani zetu Kongo, kule Lualaba na Haut-Katanga. Kila betri inayokufa kabla ya wakati wake, ardhi ya kule inachimbwa tena. Umeme wenyewe je? Piga hesabu, laptopu 30 zenye betri za wati-saa 50 ni uniti moja na nusu, ongeza unaopotea kwenye chaja haufiki uniti mbili kwa kuzijaza zote kutoka sifuri. Kwa hiyo mzabuni akikuhubiria kwamba kabati lake linaokoa umeme, mwambie akuonyeshe linaokoa nini kwenye hizo uniti mbili, halafu rudi kwenye swali la maana: mashine zangu zitaishi miaka mingapi humu ndani?

Baada ya yale tulikaa na fundi wa kuchomelea wa hapahapa Pangani, nikamchorea ninachotaka. Fremu ya chuma, bati lililosuguliwa likapakwa rangi ya kuzuia kutu kwanza ndipo ikaja rangi ya juu, mianya chini kabisa na mianya juu kabisa ili hewa ya baridi iingie huku na ya moto itokee kule yenyewe bila feni, na kila mwanya una wavu wa chuma kuzuia panya na mijusi, maana mjusi akijipenyeza kwenye soketi utatafuta shoti mpaka uchoke. Laptopu zinasimama wima zina nafasi katikati, vigawanyio ni mbao zilizovalishwa mpira wa ndani wa tairi kuukuu za baiskeli ili zisikwaruze. Chaja zina chumba chao pembeni, ukuta wa bati katikati, joto lao halikutani na mashine. Soketi ni zile za kawaida za pini tatu, ikifa moja unanunua nyingine duka la vifaa vya umeme unabadilisha siku hiyohiyo. Kabati lile lipo mpaka leo linafanya kazi, shule za jirani wanakuja kulipima kwa futi, na mimi nawapa mchoro bure.

Ndio maana nikiulizwa kifaa gani ni rafiki wa mazingira nasema kile ambacho fundi wa mjini kwako anaweza kukifungua na kukirekebisha. Chuma kikichoka kinauzwa kinayeyushwa. Zile mbao za unga wa kubana na gundi ziache, unyevu wa pwani unazivimbisha na karibu na umeme ni kuni tu.

Kwenye umeme hapo naomba mnielewe vizuri kwa sababu hapa ndo watu wanachoma shule. Chaja nyingi za laptopu ni wati 65, mara 30 ni wati 1,950, zaidi ya ampia 8 kwa umeme wetu wa volti 230. Soketi ya ukutani ya ampia 13 inaweza kubeba, lakini ekstensheni ya bei rahisi mara nyingi ina waya wa milimita za mraba 0.75, huo unabeba ampia 6 tu, na hiyo 0.75 imeandikwa ubavuni mwa waya wenyewe, geuza usome. Sasa mtu anachomeka ekstensheni juu ya ekstensheni juu ya ekstensheni anafunga mlango anaenda nyumbani. Hapana jamani. Tafuta fundi umeme mwenye leseni, agawe laini tatu, kila moja mashine kumi na breka yake, weka taima, kumi za kwanza zikimaliza ndo zinaingia kumi nyingine. Mzigo unashuka mpaka wati 650, waya haupati moto, na chaja hazijikusanyi kupika chumba kwa pamoja.

Na mzigo ukiwa mdogo hivyo sola inawezekana kwa bei ya kueleweka. Kwa makundi ya kumi kumi inveta ya wati 1,000 inakutosha kabisa, na ukichaji mchana jua likiwa kali huhitaji benki kubwa ya betri, laptopu zenyewe ndo betri. Nimeona shule imelipia betri kubwa za risasi, zile za tindikali kama za gari, ili usiku zichaji betri ndogo za laptopu, pesa nyingi, na zile za risasi zikichoka zinakuja kuvunjwavunjwa na vijana wa chuma chakavu mikono mitupu, sumu tupu. Kama hamna budi kuweka akiba, nunueni lithiamu ya fosfeti ya chuma (huandikwa LiFePO4), haina kobalti wala risasi na inadumu mara kadhaa zaidi ya ile ya risasi.

Kuhusu chaja, kataa kabati lililojengewa chaja zake humohumo. Umoja wa Ulaya simu zimelazimishwa tundu la chaji la USB-C tangu 28 Desemba 2024 na laptopu kuanzia 28 Aprili 2026, kwa hiyo mashine za msaada za kutoka huko zitazidi kuja na tundu hilo, na ukiwa na soketi za kawaida unabadilisha waya tu, kabati linabaki. Na mashine ukizipokea ingia kwenye mipangilio, Dell, Lenovo na HP nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha chaji kwenye asilimia 80, weka. Ni bure kabisa, inaongeza umri wa betri kuliko stika yoyote ya jani. Likizo ndefu ziache kwenye nusu, zimezimwa, chumba chenye hewa, sio zimejaa na zimechomekwa mpaka shule ifunguliwe.

Walimu tusiogope kusema kwenye vikao. Andika barua, gonga muhuri, baki na nakala.

Betri ikishavimba usiichaji tena, usiitoboe, usimpe mwanafunzi aikague. Itolewe na fundi, iwekwe kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, nje ya jengo mbali na karatasi, na isiende kwenye shimo la taka la shule wala kuchomwa na majani. Kanuni za mwaka 2021 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki zinataka ziende kwa mwenye kibali, muulize afisa mazingira wa halmashauri yako akuelekeze, na ukikabidhi dai hati ya makabidhiano uiweke kwenye faili la mali za shule, maana mkaguzi akija ataanza na namba za mashine ambazo hazipo kabatini.