Kabla ya Kufungua Duka la Pamoja la Magauni ya Harusi, Hesabu Jumamosi

Hapa Lubumbashi, Kongo, wazo hili huzaliwa mara nyingi kwenye likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu. Mmoja ana magauni aliyoyaleta kutoka Dar es Salaam, wa pili ni fundi wa kushona, wa tatu anajua kumpamba bibi harusi, na kila mmoja analipa kodi mahali pake. Wanaulizana: kwa nini tusichukue nyumba moja ya barabarani, tugawane kodi, mteja akiingia apate vyote? Mimi nakodisha magauni katika duka la namna hiyo na kazi hii naipenda sana. Ndiyo maana wadada wakiniuliza kama wazo lao ni zuri, nawaambia washike kalamu kwanza.

Wengi wanaogopa kukosa wateja. Wateja wapo. Taabu ni kwamba wote wanalitaka gauni siku moja. Mvua ikianza Novemba hadi Aprili, nani anataka kuburuta nguo nyeupe kwenye matope? Kwaresima nayo inaingia humo humo, na Wakatoliki wengi hawafungi ndoa wakati huo. Kwa hiyo harusi kubwa zinasongamana kiangazi. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba kuna Jumamosi kama 17 tu, na zile za Septemba zinagombaniwa na ada za shule. Gauni huchukuliwa Alhamisi au Ijumaa, hurudi Jumatatu, kisha lifuliwe na kushonwa palipofumuka. Gauni moja, Jumamosi moja. Huwezi kuwapa mabibi harusi wawili, hata mmoja awe mtoto wa dada yako.

Sasa tuweke hesabu ya mfano, nawe utaweka namba zako. Tuseme una magauni 10, kila moja limekugharimu dola 240 mpaka kufika dukani, njia yote na forodha ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ikiwa ndani. Unakodisha kwa dola 60. Kila gauni likitoka mara 5 kwa msimu, umepata dola 3,000. Nyumba ni dola 300 kwa mwezi. Ukiwa peke yako, kodi ya mwaka ni dola 3,600, yaani imekula mapato yote na bado inadai. Mkiwa watatu, fungu lako ni 1,200. Toa na dola 250 za kufua na kurekebisha: unabaki na 1,550. Lakini magauni yalimeza 2,400. Mwaka wa kwanza hujarudisha fedha yako, na mwaka wa pili magauni yale yale yameshaonekana kwenye picha za watu wote wa mtaa.

Nilipoanza kuandika hesabu kwa namna hii, nilielewa kwamba kugawana kodi kunasaidia kweli, ila nusu tu ya tatizo. Mwenye magauni, mpambaji na mwenye maua wote wanashiba Julai na wote wanalala njaa Februari. Kodi ya Februari ikifika, hakuna wa kumshika mwenzake mkono. Kwa hiyo mkichagua wa kuingia naye, mtafuteni mtu ambaye miezi yake mizuri si miezi yenu. Fundi wa vitenge ana kazi kabla ya tarehe 8 Machi, wamama wanaposhona nguo za siku yao. Ana Agosti ya sare za shule, ana Desemba ya sikukuu. Tena dote, yaani mahari, na ndoa za komini, zile za serikali kwenye ofisi ya manispaa, hazingoji kiangazi sana, na huko bibi harusi havai gauni la mkia mrefu: anataka kitenge kilichoshonwa vizuri, au nguo nyeupe fupi ya heshima, na familia nzima inataka sare. Kama ningelazimika kumpa mtu mmoja ushauri mmoja, ningemwambia amweke fundi huyo mezani kabla hajamweka mpambaji.

Na Jumamosi zenu mtazihesabu vipi? Msiulize marafiki, maana watawaambia mnayotaka kusikia. Sikilizeni matangazo ya ndoa parokiani Jumapili. Someni yanayobandikwa kwenye komini za mjini hapa: ya Kenya, ya Katuba, ya Kampemba. Zaidi ya yote, waulizeni wenye kumbi Jumamosi zipi zimeshalipiwa, kwa sababu ukumbi hukodiwa mapema kuliko gauni. Wenye kumbi wanaongea bila shida ukieleza kazi yako. Msisahau Likasi na Kipushi: bibi harusi wa Kipushi, kilomita 30 tu, anakuja kujaribu gauni huku akiona si safari.

Sasa magauni yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Geuza gauni utazame mgongo. La zipu linamfaa mwili mmoja. Akija aliyeongezeka kidogo, zipu inakwama au inapasuka asubuhi ya harusi yenyewe. La kufungwa kwa kamba mgongoni unalikaza na kulilegeza, kwa hiyo linawafaa wanawake wa miili mitatu tofauti. Ukiwa na magauni 10 ya kamba, ni kama una duka kubwa zaidi kuliko mwenye 10 ya zipu. Kisha tazama pindo. Udongo wetu mwekundu hauna huruma: gauni likitoka kanisani likapita uwanjani kwa picha, pindo linarudi rangi ya tofali. Liache likauke kabisa, piga brashi taratibu vumbi lidondoke, ndipo uloweke pindo peke yake kwa maji ya baridi na sabuni. Usimwage javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Wekundu ule ni kutu ya udongo, na javeli huifanya ing'ang'anie kitambaa badala ya kuiondoa. Wala usipige pasi kabla doa halijatoka. Wenzenu wa duka wajue haya pia, kwa sababu siku haupo ndio watakaopokea gauni.

Nafasi vilevile. Bibi harusi haji peke yake. Anakuja na mama, shangazi, dada na rafiki mwenye simu ya kupiga picha, na shangazi ndiye mwenye neno la mwisho. Chumba kisichowatosha watu watano, kioo kirefu na pazia zito si chumba cha kazi hii, hata kodi yake iwe nafuu namna gani.

Fedha ya dhamana ndiyo inayovunja urafiki haraka kuliko kitu chochote nilichoshuhudia. Mteja ameacha dola 50, gauni liko kwake, kodi inadaiwa, na mwenzenu mmoja anasema tuikope, Jumatatu tutairudisha. Jumatatu mteja amekuja na gauni safi, bahasha iko tupu. Kila dhamana ikae kwenye bahasha yenye jina la mteja na tarehe, na ifunguliwe mbele yake tu. Akirudishiwa noti iliyochanika ukingoni wakati yeye alileta safi, ataikataa, na ana haki.

Halafu andikeni mkataba. Kongo imo tangu 2012 katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, na sheria zake zinasema hivi: watu wakifanya biashara kama kampuni bila karatasi yoyote, jaji anaweza kuwahesabu kuwa washirika wenye kudaiwa wote kwa deni la mmoja. Deni la vitambaa la fundi linaweza kugonga mlango wako. Ushauri wangu ni kuanza kila mmoja na biashara yake, daftari lake na stakabadhi zake, mkataba uhusu nyumba tu: nani analipa kiasi gani, nani ana ufunguo, anayetoka anatoa taarifa miezi mingapi kabla. Dada uliyeolewa, ujue pia kwamba Sheria ya Familia ilipobadilishwa 2016, kile kibali cha mume cha zamani kiliondolewa; sasa inataka mume na mke wakubaliane, kila mmoja kwa mikataba yake. Zungumza naye nyumbani kwa amani, lakini karatasi saini mwenyewe.

Likelemba ipangeni zamu yenu ianguke Machi au Aprili, ili magauni yawe yamevuka mpaka na kupigwa pasi kabla ya Juni. Na mwenye nyumba akitaka miezi mingi ya garanti, yaani kodi inayowekwa mbele kama dhamana, mwombeni mkataba uanze Mei. Anayekataa kabisa kusubiri, mwacheni, mtafute nyumba nyingine.