Nikijifungua kwa operesheni, nianze kula lini?

SWALI: Shikamoo dada. Mtoto wangu wa kwanza nilijifungua kwa operesheni, nikaambiwa nisile kitu mpaka nijambe, nikakaa na dripu tu mpaka siku ya pili natetemeka kwa njaa na maziwa naona hayatoki. Sasa nina mimba ya pili na dokta kashasema ni operesheni tena. Mdogo wangu kajifungua hivyo hivyo juzi juzi kapewa chai siku ile ile. Nani kafanyiwa sawa? – Mama K, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa ujauzito. Aliyefanyiwa sawa ni mdogo wako, na pole sana kwa ile njaa maana mzazi hatakiwi kukaa hivyo bila sababu.

Hii habari ya kusubiri ujambe ni ya zamani, watu waliogopa kwamba utumbo umelala, ukila utatapika na tumbo litajaa. Lakini kwenye operesheni ya uzazi kinachochanwa ni ukuta wa tumbo na mfuko wa uzazi, utumbo wenyewe kwa kawaida haukatwi, na utumbo mwembamba unarudi kazini ndani ya masaa machache tu, unaochelewa ni utumbo mpana ambao ndo unatoa huo ushuzi. Kwahiyo ukisubiri ujambe ndo ule unasubiri kiungo kinachoamka mwisho kabisa! Mwongozo wa jumuiya ya ERAS wa 2019, wanaoshughulika na mgonjwa kupona haraka baada ya upasuaji, unasema mama arudi kwenye chakula cha kawaida ndani ya masaa 2.

Huku kwetu wodi nyingi zinaenda taratibu kidogo na mimi sioni ubaya. Kama ulichomwa ganzi ya mgongo na upo macho, huna kichefuchefu, unaanza na maji mafundo mawili matatu, yakitulia unapewa chai au uji mwepesi, alafu supu, mtori, baadae hata wali na samaki siku hiyo hiyo kama hamu ipo. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Maharage na kabichi sio sumu ila kama vinakujazaga gesi viache kwanza, maana tumbo likijaa na mshono ule unauma jamani. Na usilale tu, ukiruhusiwa kuinuka tembea hata mpaka mlangoni, utumbo unaamka haraka zaidi.

Dripu nayo watu wanaiona kama chakula, hapana. Lita nzima ya dripu ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 tu za sukari, hailishi mtu anayenyonyesha. Ila maziwa kuwa kidogo siku zile za mwanzo ni kawaida hata kwa aliyekula vizuri, ile dang'a inamtosha mtoto, we mnyonyeshe mara kwa mara.

Wapo wanaotakiwa kusubiri kweli na hapo usibishane na dokta: aliyelazwa usingizi kabisa mpaka azinduke vizuri, aliyetoka damu nyingi au mwenye kifafa cha mimba, na ambaye utumbo uliguswa wakati wa operesheni. Kufunga kula KABLA ya operesheni ni kitu kingine, hiyo fuata kama ulivyoambiwa maana matapishi yakiingia kwenye mapafu ni hatari kubwa.

Kliniki ijayo muulize dokta kabisa "nikitoka theatre naruhusiwa kunywa na kula saa ngapi?" na ukifika wodini ndugu yako amuulize tena nesi wa zamu kabla hajakupa kitu. Ukishaanza kula halafu tumbo likavimba na kuwa gumu, au unatapika kila unachokula, acha kula na mwite nesi hapo hapo, hata kama ni usiku.