Sio uvivu, watu hawakuelezwa
Kaka hapo unaposema watu hawakupiga kura za mtaa hapa Tanzania 2024 kwa sababu ya uvivu nakukatalia, wengi walikuwa na kadi ya mpiga kura wakajua yameisha, kumbe ule uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, sio Tume ya Uchaguzi iliyotoa kadi, na ulikuwa na orodha yake, ulitakiwa ujiandikishe upya mtaani kwako tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Mama muuza mboga jirani yetu alienda 27 Novemba kadi mkononi, anatafuta jina ukutani hayumo, akarudi zake gengeni. Gari la matangazo lilipita mara moja saa nne asubuhi watu wako makazini! Wasimamizi wangeenda kwenye vikoba, misikitini, makanisani, vijiwe vya bodaboda, wawaambie watu wazi kwamba kadi peke yake safari hii haitoshi.